Mshale wa sekunde hautoshi

Pale Birere, hapa Goma, muuzaji atakuwekea saa ya Rolex ya zamani sikioni: "Papa, sikiliza, haigongi. Ni ya kweli!" Wengi tumelishwa hilo tangu utotoni. Lakini saa ya springi, kama Rolex nyingi, hugonga. Yenye mapigo 28,800 kila saa moja hupiga mara 8 kwa sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde huonekana kuteleza badala ya kuruka. Feki nyingi nazo huteleza vilevile. Na Rolex wenyewe walitoa Oysterquartz mwaka 1977, ya betri, mshale wake ukiruka sekunde kwa sekunde. Ungeitupa?

Mwambie fundi afungue kifuniko cha nyuma, atazame mashine, kisha atoe mkanda asome namba zilizochongwa ubavuni. Muuzaji akikataa ifunguliwe, mimi huondoka.