Popo ananyea mdomoni kweli?

Tangu tuko wadogo huku Bagamoyo tunaambiwa popo ananyea mdomoni kwa vile ananing'inia kichwa chini, na kusema kweli ukimwona usiku kwenye mti wa mkungu anatema vitonge unaamini kabisa. Ila kile sio kinyesi, ni makapi, huyu popo wa matunda anatafuna embe au kungu, anabana kwa ulimi juu kwenye kaakaa, juisi anameza, nyuzinyuzi anatema. Choo anatolea nyuma kama mbuzi tu, akibanwa anajigeuza kichwa juu, anajishika kwa vidole gumba vya mbawa, kazi imeisha. Asubuhi pita chini ya mkungu uchokoe kwa kijiti (mkono hapana), kitonge kikavu cha nyuzi ni makapi, yale majimaji yaliyorukia ukutani ndo choo chenyewe.