Toleo jipya si rekodi mpya

Wapo mashabiki wanaoamini kwamba kila albamu ya The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd inapotolewa upya, bendi ilirudi studio kuipiga tena. Wapi! Muziki ni uleule uliorekodiwa studio za Abbey Road, London, ukatoka Machi 1973.

Kinachobadilika ni kazi ya fundi wa sauti. Mara nyingi huchukua mchanganyiko wa ala na sauti uliokwisha kukamilika, akasawazisha besi na sauti kali, akautayarisha kwa santuri au sidii. Mara chache hurudi nyuma zaidi, kwenye kanda ambazo kila ala iko kivyake, akazichanganya upya. Ndivyo James Guthrie alivyofanya toleo la 2003 la spika za kuzunguka chumba. Lisikilize pale wimbo wa “Money” unapoanza: sarafu na mashine ya kuhesabia pesa zinalia huku na huku, utadhani umeketi kaunta. Lakini ni vipande vilevile vya kanda, vilivyokatwa na kuungwa kwa mkono.

Iliyopigwa upya kweli ni ile ya Roger Waters, aliyekuwa mwanabendi wa Pink Floyd, ya 2023, tena bila wenzake wa zamani. Kwangu mimi imepoa mno.