Ukinyimwa ruhusa kwenye Linux, usikimbilie 777

Anayehamia Linux kutoka Windows hukutana mapema na ujumbe wa Permission denied, yaani umenyimwa ruhusa. Hapo ushauri huanza kumiminika, mwingi wa nia njema, na sehemu yake ni sumu. Hizi ni dhana ninazozikuta kila mara ninapowasaidia watu wenye Ubuntu, Debian au Linux Mint.

Dhana: Faili likigoma, lipe chmod 777, mambo yaishe

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. chmod ni amri ya kubadilisha ruhusa za faili. Kila faili lina ruhusa za makundi matatu: mwenyewe (mmiliki wa faili), kikundi, na watu wengine wote, na kila kundi lina tarakimu yake. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, unajumlisha. Kwa hiyo 6 ni kusoma na kuandika, 5 ni kusoma na kuendesha, na 7 ni vyote. Ukiandika 777, umemruhusu mtumiaji yeyote wa mashine hiyo, na programu yoyote inayoendeshwa humo, kulibadilisha faili lako apendavyo.

Halafu mara nyingi shida haikuwa ruhusa, ilikuwa umiliki. Ulifungua kihariri kwa sudo, amri inayokupa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), ukahifadhi kazi yako, na faili likawa la root. Andika `ls -l` uone jina la mwenyewe. Ukikuta root ndani ya folda yako ya nyumbani, lirudishe: `sudo chown $USER barua.txt`. Basi.

Tena kulegeza ruhusa kunaweza kuvunja vitu. SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine, inataka 600. Na aliyewahi kuendesha `chmod -R 777` (-R hugusa na vyote vilivyomo) kwenye /usr, folda ya programu za mfumo, anajua kilichomkuta: sudo ilipoteza alama yake ya setuid, ile inayoiwezesha kuendeshwa kwa mamlaka ya root, ikaacha kufanya kazi, na bila sudo hakuweza kurekebisha alichoharibu.

Dhana: Faili lisiloandikika haliwezi kufutwa

Linafutika. Folda ni kama daftari la majina ya mafaili, na kufuta ni kulikata jina daftarini. Kinachoangaliwa ni ruhusa ya kuandika kwenye folda. Faili la 444 (kusoma tu kwa wote) lililo ndani ya folda yako, `rm` itakuuliza tu kama una hakika, ukikubali, limekwenda. Kwenye folda, ile x, herufi ya ruhusa ya kuendesha unayoiona kwenye `ls -l`, nayo haina maana ya kuendesha, ni ruhusa ya kuingia na kupita.

Dhana: Programu hutafutwa kwenye tovuti, kama Windows

Anzia kwenye ghala la programu la mfumo wako. `sudo apt install vlc` huleta VLC, kichezeshi cha video, pamoja na vyote inavyovitegemea, na apt, chombo cha kusakinisha programu, hukagua sahihi ya kidijitali ya ghala kabla ya kuamini kilichopakuliwa. Faili la .deb (kifurushi cha programu) uliloliokota mtandaoni halina ulinzi huo, na skripti, yaani mafaili ya amri, zilizomo ndani yake huendeshwa kwa mamlaka ya root wakati wa kusakinisha. Kwa hiyo ukiandika nenosiri lako pale, umempa aliyelitengeneza funguo za nyumba nzima. Kama humwamini, usisakinishe.

AppImage, programu nzima iliyo ndani ya faili moja, ni tofauti: haihitaji sudo hata kidogo. Ikigoma kufunguka, mpe mmiliki wa faili ruhusa ya kuendesha, `chmod u+x`, inatosha.

Dhana: apt update husasisha kompyuta

Hapana, huleta orodha mpya tu. Kinachosakinisha matoleo mapya ni `sudo apt upgrade`. Wapo wanaoendesha ya kwanza kila asubuhi kwa miezi, wakidhani wako salama.

Dhana: Pip ikikataa, tanguliza sudo

Pip ni chombo cha kusakinisha vifurushi vya lugha ya programu ya Python. Ikipewa root inaweza kuandika juu ya vifurushi vya Python ambavyo mfumo wenyewe unavitegemea. Debian 12 sasa hukataa waziwazi pip kusakinisha kwenye Python ya mfumo. Tengeneza mazingira ya pembeni kwa `python3 -m venv`, au tumia pipx, inayoitengea kila programu ya Python mazingira yake.

Dhana: Flashi imeharibika, chmod haishiki

Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, na mifumo hiyo haina mahali pa kutunza ruhusa za Linux. Nakili skripti yako kwenye folda ya nyumbani kwanza, kisha uipe `chmod u+x` ikiwa huko.