Madesa hayatoshi: ninavyowaandaa watarajali kwa mtihani wa Baraza

Mtihani wa usajili wa Baraza la Famasi la Tanzania ukikaribia, watarajali, yaani wahitimu wa famasi walio kwenye mafunzo ya vitendo, huanza kutumiana madesa kwenye WhatsApp: maswali ya miaka iliyopita, na majibu yaliyotiwa tiki na mtu asiyejulikana. Siwakatazi. Ninachowaomba wakija Jumamosi ni kulisoma kila swali kama cheti cha daktari kilicholetwa dirisha la dawa, mama kasimama mbele yako na mtoto mgongoni.

Huwa naanza na hili. Mtoto wa kilo 12 ana nimonia. Daktari ameandika amoksilini, mg 80 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara mbili, siku 5. Dawa ya maji iliyopo ni ya mg 125 kwa kila ml 5. Unampa kiasi gani?

Kalkuleta zinatoka mara moja. 12 mara 80 ni mg 960, hakuna ubishi. Baada ya hapo darasa linagawanyika. Wapo wanaoichukua 960 yote kuwa dozi moja na kuandika ml 38.4 asubuhi na jioni. Wameruka maneno mawili tu, "kwa siku", na mtoto amepata mara mbili ya alichoandikiwa. Walio makini wanagawa kwa mbili: mg 480, sawa na ml 19.2 kwa dozi. Wanaweka kalamu chini, wameridhika.

Hapo ndipo ninapowauliza: nani atapima ml 19.2 saa 2 usiku, nyumbani, kwa kijiko cha chai? Na kwa siku 5 hiyo ni ml 192, yaani chupa mbili za ml 100. Kimya. Halafu kuna mmoja anakumbuka vidonge vya mg 250 vinavyoyeyuka kwenye maji: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 20, basi. Hiyo ni mg 1000 kwa siku, karibu mg 83 kwa kilo, na ndiyo dozi ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa nimonia ya mtoto wa uzito huu. Ila usibadilishe kimyakimya. Ongea kwanza na aliyeandika cheti. Swali moja, na tumeshatumia saa nzima. Sioni hasara.

Jambo jingine ni kitabu. Mwanafunzi anapiga msuli usiku kucha na kitabu cha Uingereza, ilhali Mwongozo wa Matibabu wa Taifa uko kwenye simu yake hajaufungua. Malaria na TB za kwetu hutazijua vizuri kupitia kitabu cha watu wasioziona kila siku. Mgonjwa anayetumia rifampisini ya TB na dolutegravia ya VVU, kwa mfano: rifampisini inaharakisha dolutegravia kuondoka mwilini, kwa hiyo mtu mzima anahitaji mg 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Ukiielewa sababu, hata swali likigeuzwa juu chini utalijibu.

Sheria ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo alama rahisi kuliko zote. Isome Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 yenyewe, si muhtasari wa mtu. Na usichanganye: Baraza linasajili wafamasia na majengo ya famasi, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inasajili dawa. Nimeona watu wenye GPA nzuri wakiyapindua hayo.

Jumamosi ya mwisho hatufanyi hesabu. Mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake anamweleza dawa kwa Kiswahili cha dirishani, wengine tunasikiliza. Dawa mseto ya malaria ndiyo inayowaumbua wengi. Mtoto wa kilo 14 anameza kidonge kimoja kwa dozi, wa kilo 15 viwili, hilo wanalijua. Lakini mtu akisema tu "kutwa mara mbili kwa siku 3", ninamsimamisha arudie. Dozi ya kwanza ikimezwa saa 4 asubuhi, ya pili ni masaa 8 baadaye, yaani saa 12 jioni, siyo saa 4 usiku. Kuanzia kesho yake ndipo inakuwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, tena baada ya chakula chenye mafuta, au maziwa.