Mpaka kufunguliwa si biashara kurudi

Kila nchi jirani inapotulia baada ya vurugu za uchaguzi, hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tunaambiwa yale yale: lori zikianza kupita, biashara itainuka yenyewe. Haiinuki.

Mwaka 2008 jirani aliyewaka moto tulikuwa sisi Wakenya. Reli iling'olewa Kibera, barabara zikazibwa, petroli ikaadimika Kampala na Kigali. Mkataba wa kumaliza vurugu ulitiwa saini Februari 28. Lakini barabara ikifunguka, mwenye duka aliyekaa wiki kadhaa bila mali huwa ameshakula mtaji, na aliyekuwa akimkopesha sasa anataka taslimu. Kampuni yenye wakala wa forodha hurudi mapema. Mama wa magunia manne ndiye anayebaki nyuma.

Mkitaka kumwinua jirani, nunueni mazao yake, na anzeni na cheti cha asili, karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka wapi. Tafadhali acheni kusema "Afrika Mashariki haina ushuru". Ushuru sifuri ni wa bidhaa yenye asili ya Jumuiya, na asili huthibitishwa kwa karatasi. Shehena isiyozidi dola 2,000, ikiwa kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani. Mahindi ya Mbale, Uganda, yanastahili. Mchele wa Pakistan ulionunuliwa Kampala haustahili, hata uwe gunia moja; kuununua Uganda hakuufanyi kuwa wa Uganda! Tena cheti hakifuti VAT kwa bidhaa zinazotozwa, wala hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea.

Halafu kuna sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo kiwango cha sumu hiyo kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Pimeni unyevu shambani kabla ya kulipa: usizidi asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, si udongoni. Na mahindi yaliyokwisha kuingia sumu hayaponi kwa kuanikwa tena. Jua huondoa maji, sumu inabaki.

Hata hivyo, kwa magunia mawili, nauli na siku nzima ya kufuata karatasi huweza kumeza faida yote. Vitabu vya mafunzo havisemi hilo, na ndiyo maana njia za panya hazifi. Ninachoona kinafaa ni akina mama kuchangia gari na kipimo cha unyevu, kila mmoja akishika risiti ya mali yake.