Kinachonusha lundo ni machicha

Mkahawa wa kwanza niliousaidia kutengeneza mboji, huku Majengo, ulinitoa jasho ndani ya wiki moja. Lundo lilinuka hadi mpishi akanifuata mlangoni: "Ami, hii mboji au mzoga?" Nikavilaumu vichwa vya samaki. Nilipochimbua, kumbe samaki hawana kosa. Katikati palikuwa na donge jeupe, zito, limeshikana kama unga wa mahamri uliochacha: machicha ya nazi ya siku tatu, yote yamemwagwa mahali pamoja.

Mafunzo niliyopata hayakuwahi kutaja machicha, na Mombasa jiko lisilokamua tui ni nadra. Machicha ni laini, yana mafuta, tena hubaki na maji hata ukiyakamua vipi. Yakirundikana hewa haipiti, na vijidudu vinavyoozesha pasipo hewa ndivyo vinavyoleta uvundo ule. Siku hizi nayatandaza, tabaka lisizidi unene wa kidole, juu yake maranda ya seremala au makumbi ya madafu yaliyokatwakatwa. Makumbi huchelewa kuoza, na mimi ndivyo nitakavyo, maana kazi yake ni kuacha nafasi za hewa. Mboji ikiiva nayachekecha na kuyatia kwenye lundo jipya.

Wataalamu husema kaboni, iliyo nyingi kwenye vitu vikavu, iwe mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, iliyo nyingi kwenye mabaki mabichi. Jikoni nani ana mizani ya hiyo? Naanza na ndoo mbili za vitu vikavu kwa ndoo moja ya mabaki, kisha nakamua konzi moja mkononi. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, naongeza maranda. Joto nalipima kwa nondo: naisokomeza katikati, nasubiri dakika kumi, naichomoa. Nikiweza kuishika kwa starehe, lundo limelala, lapaswa kupinduliwa. Tunatafuta nyuzi 55 hadi 65. Likikaa juu ya 55 siku tatu mfululizo, vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu hufa.

Majivu achaneni nayo. Najua wengi huyanyunyiza kuua harufu, lakini yanaifukuza nitrojeni ya lundo ikapotea hewani, tena yana chokaa, na udongo wetu wa matumbawe unayo ya kutosha. Mafuta ya kukaangia viazi karai nayo yasikaribie lundo.

Si kila kitu kiende kwenye lundo. Kitunguu cha majani kikikatwa ukaacha kipande cha urefu wa kidole chenye mizizi, huota tena. Mchaichai vivyo hivyo, ukiwa na kitako chake. Kichwa cha karoti kitakupa majani tu, karoti usiitarajie. Tangawizi yataka jicho litazame juu, kivuli kidogo na subira. Mpishi wangu anayo madebe matatu ya tangawizi nyuma ya jiko, na kila wiki hufukua moja kuangalia kama limezaa. Nimemwambia ni miezi minane, hasikii.