Mtoto wa miaka 6 ndani ya joho la malkia

Katika Makumbusho ya Prado mjini Madrid ipo picha ya rangi ya mafuta ambayo mtazamaji mwenye haraka huipita akisema tu, "Katoto kazuri." Aliyechorwa ni Mariana Victoria, binti wa Mfalme Felipe V wa Hispania. Mchoraji ni Mfaransa Nicolas de Largillière, mzee aliyekuwa akikaribia miaka 70. Mwaka ni 1724, na binti ana miaka kama 6.

Wageni ninaowaongoza huwaambia wasianze na uso. Tazama joho: la buluu, limejaa mayungiyungi ya dhahabu, na bitana yake ni manyoya meupe yenye vidoa vyeusi. Hilo ni vazi la wafalme wa Ufaransa. Pembeni kuna taji. Binti wa Madrid amelipata wapi?

Alikuwa ameposwa. Mwaka 1721 tawala mbili zilipatana aolewe na Louis XV, mfalme wa Ufaransa, mvulana wa miaka 11, naye bibi harusi ana miaka 3. Januari 1722 akakabidhiwa kwa Wafaransa kwenye kisiwa kidogo cha mto Bidasoa, mpakani, huku binti wa Kifaransa akivushwa kwenda kuolewa na kaka wa Mariana Victoria. Mimi naona ni biashara ya mali kwa mali, ingawa waliiita amani.

Kwa hiyo picha hii ni hati ya posa. Ndiyo maana mtoto anasimama kama mtu mzima: mchoraji ameagizwa aoneshe malkia ajaye.

Rangi ilikuwa bado mpya posa ilipovunjika. Mwanzoni mwa 1725 Louis aliugua, na wakubwa wa serikali wakaogopa asije akafa bila mrithi. Mtoto yule angezaa lini? Aprili akarudishwa kwao. Septemba mfalme akamwoa Marie Leszczyńska, mwenye miaka 22. Hispania iliona imetukanwa.

Mwaka 1729 Mariana Victoria aliolewa na José, mrithi wa Ureno (mwaka uleule Wareno walipotimuliwa Mombasa mara ya mwisho), na mwaka 1750 akawa malkia, lakini wa Lisbon. Paris alibakiza jina tu: bustani iliyo chini ya madirisha ya Louvre, upande wa mto Seine, mpaka leo inaitwa Bustani ya Infanta, yaani ya binti wa mfalme wa Hispania.